Kabla ya kuvuka Mugina na gari lako, hesabu mchana, si kilomita

Na Mwandishi Wetu, Rumonge

Mama yangu si mtu wa kuomba vitu. Ndiyo maana Februari 2024, alipotuita wanawe jioni moja hapa Rumonge na kusema anataka kwenda Katumba kuona kaburi la baba kabla miguu haijamkatalia kabisa, hakuna aliyebisha. Swali lilikuwa moja tu: tutafikaje?

Wasomaji waliorudi kutoka Tanzania wanaijua Katumba bila kuelezwa. Kwa wengine niseme kwa kifupi kwamba ni makazi yaliyo upande wa Mpanda, mkoa wa Katavi, walikopelekwa Warundi wengi waliokimbia mwaka 1972. Mimi nilizaliwa huko mwaka 1976. Baba tulimzika huko mwaka 1998. Ilipofunguliwa njia ya kurudi nyumbani, sisi tuliandikisha majina ya kurudi, kaka yetu mkubwa akaandikisha la kubaki. Mwaka 2009 tulipanda treni hadi Kigoma, kisha malori hadi kwetu. Yeye akapewa uraia wa Tanzania mwaka 2014 pamoja na wenzake zaidi ya 162,000. Tangu siku ile ya treni, mama alikuwa hajamwona mwanawe wa kwanza. Alikuwa akiisikia sauti yake kwenye simu tu.

Kwa hiyo mimi niliyeishi Tanzania miaka 33 nilikuwa naingia huko kwa mara ya kwanza kama mgeni, pasipoti mfukoni. Binti yangu wa miaka 12 na mpwa wangu anayesoma Bujumbura walikuwa hawajavuka mpaka wowote. Mke wangu alikuwa amefika Manyovu sokoni na kurudi siku hiyo hiyo, basi. Ukiondoa mama, wote tulikuwa wageni wa safari ya namna hii, na mama mwenyewe mara zote mbili alizovuka mpaka huo maishani mwake hakuna aliyemuuliza kama yuko tayari.

Kazi ya kupanga safari tulimpa mpwa wangu kwa kuwa ndiye mwenye simu nzuri. Baada ya siku mbili akaja na karatasi iliyopigwa mistari vizuri. Siku tisa. Siku ya kwanza Rumonge hadi Mpanda. Siku ya pili Katumba. Siku ya tatu Sumbawanga na Mbeya, ya nne Dar es Salaam, ya tano na ya sita Zanzibar, ya saba Dodoma, ya nane Tabora, ya tisa nyumbani. Nilimwuliza bibi yake atalala saa ngapi. Akajibu, "Mjomba, atalala ndani ya gari."

Sikumcheka, kwa sababu hata mimi nilipoiona karatasi ile moyo ulinidunda. Nani asiyetaka kuiona Zanzibar? Lakini kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 1,200, na dereva nilikuwa mmoja, mimi. Gari lenyewe ni Probox ya shemeji yangu, watu watano ndani, na kizee mwenye magoti mabovu kiti cha mbele.

Nikaichukua karatasi nikampelekea jirani yangu anayefanya biashara ya mawese na nguo kati ya hapa na Kigoma kwa miaka mingi. Aliisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Ndugu yangu," akaniambia, "huu ni mpango wa ndege." Kisha akaketi na kunifundisha hesabu ambayo naona niwaandikie wasomaji kama nilivyoipokea, maana imenisaidia kuliko ramani.

Alisema nisianze na kilomita. Nianze na mchana. Mchana una saa 12 za mwanga, hapa na kule. Toa saa moja ya asubuhi ya kufunga mizigo na kumywesha mama chai. Toa saa mbili za mwisho, kwa sababu unatakiwa uwe umepata chumba kabla ya giza, si kuanza kukitafuta gizani. Zinabaki tisa. Siku ya mpaka toa nyingine tatu. Kwa mzee wa umri wa mama, kila baada ya saa mbili gari lisimame nusu saa, ateremke, anyooshe miguu. Unabaki na saa tano hivi za kuendesha kweli. Barabara ya lami yenye vijiji, wewe dereva mgeni, hesabu kilomita 50 kwa saa hata kama gari linaweza 100. Barabara ya vumbi hesabu 30.

Tuliweka hesabu hiyo juu ya njia yetu. Rumonge hadi Nyanza-Lac ni kilomita 50 hivi, Nyanza-Lac hadi Mugina 45 hivi, na kutoka Manyovu upande wa pili hadi Kigoma mjini karibu 60. Jumla haifiki 160. Kwenye karatasi ni safari ya asubuhi moja. Kwa hesabu ya jirani ni siku nzima, na kweli ilikuwa siku nzima. Kutoka Kigoma kupitia Uvinza hadi Mpanda ni karibu kilomita 300, na sehemu si ndogo ya njia hiyo ilikuwa bado haina lami. Hiyo nayo siku nzima, ndefu kuliko ya kwanza. Kwa hiyo ile "siku ya kwanza" ya mpwa wangu ikawa siku mbili, na kati yake tukaweka siku moja ya kupumzika Kigoma. Ukiongeza siku za Katumba, siku mbili za kurudi na siku moja ya akiba isiyokuwa na kazi yoyote, tayari tulikuwa tumefika siku kumi. Sumbawanga ikafutwa. Mbeya ikafutwa. Mpwa wangu aliishikilia Zanzibar kwa kidole hadi dakika ya mwisho.

Jambo la pili jirani alilolikataa ni tarehe. Sisi tulitaka Pasaka. Akasema mwezi wa tatu na wa nne njia ya Uvinza kwenda Mpanda inaweza kukulaza porini, tusubiri kiangazi. Tukasogeza hadi Julai. Wote tunakumbuka ilivyokuwa Aprili ile: ziwa lilipanda, maji yakaingia nyumba za watu hapa Rumonge, na badala ya kusafiri tulikuwa tunabeba magodoro.

Miezi hiyo ya kusubiri haikupotea, kwa sababu tulikuwa na tatizo ambalo kila mwenye gari Burundi analijua: petroli. Kufika Mugina ni kilomita mia moja tu, lakini mafuta ya kilomita mia moja yalinichukua wiki tatu kuyapata. Mpango wetu ulikuwa kutoka na ya kutosha kufika Manyovu na akiba kidogo, kisha kujaza upande wa Tanzania. Kurudi tulijaza tanki Kigoma likatufikisha nyumbani. Waliokwenda na wazo la kurudi na bidoni tano za petroli ndani ya gari lenye watoto, hilo siwezi kumshauri mtu, hata tukiwa na shida kiasi gani.

Karatasi ndizo zilizotukwamisha. Pasipoti kila mtu alikuwa nayo yake, pamoja na binti yangu. Viza Mrundi haitaji kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki tangu Burundi ijiunge mwaka 2007, lakini muhuri unagongwa, na ni vizuri usome umeandikiwa siku ngapi kabla hujaondoka dirishani. Kisha kuna kadi za njano, na hapa mama alituchekesha. Kadi ya njano ni mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ya mtu. Nyingine ni ya bima ya gari, ile ya COMESA, inayolinda utakayemgonga ukiwa nje ya nchi yako. Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini kadi hiyo inaitambua. Jirani alipouliza kama tuna kadi ya njano, mama akajibu amechanjwa. Jirani akasema, "Mama, nauliza ya Probox."

Ya Probox tulikuwa nayo. Tulichosahau ni kwamba Probox si yangu. Kadi ya gari ina jina la shemeji, na ofisa wa forodha aliyekuwa anatuandikia kibali cha muda cha kuingiza gari akauliza, kwa haki yake kabisa, iko wapi barua ya mwenye gari kunipa ruhusa ya kulivusha mpaka. Sikuwa nayo. Nilimpigia shemeji simu, akaenda kwa mthibitishaji wa hati, akaandika, akatuma picha, picha ikatafutiwa mahali pa kuchapwa. Saa tatu na nusu. Mama amekaa kwenye kivuli cha duka anakula ndizi, anaangalia malori. Kama tungekuwa na mpango wa kufika Mpanda siku hiyo, hapo ndipo ungekufa. Kwa kuwa mpango ulikuwa Kigoma tu, ulijikwaa lakini haukuanguka.

Mfanyabiashara anayesoma hapa atauliza kuhusu mizigo. Tulikuwa na madumu mawili ya mawese na gunia la maharage, zawadi za kaka. Tulizitangaza. Anayebeba vya kuuza akumbuke kwamba bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina hati yake rahisi ya asili ya bidhaa, inayotolewa pale pale mpakani, na ukiwa nayo hulipi ushuru wa forodha. Nimekutana na wanawake waliovuka miaka na miaka kwa njia za panya wakilipa watu kuliko ambavyo wangelipa dirishani, kwa sababu tu hakuna aliyewaambia.

Ukivuka, mambo mawili yanageuka kwa pamoja. Saa inaruka mbele saa moja: kwetu ni saa sita mchana, hatua chache mbele ni saa saba. Jua ni lile lile, kwa hiyo usidanganyike ukiona saa kumi na mbili na nusu jioni Kigoma bado kuna mwanga. Lakini ofisi na benki zinafuata saa ya kule, na ukipanga kwa saa ya mkononi mwako utakuta milango imefungwa.

La pili ni upande wa barabara. Sisi tunapita kulia, wao kushoto. Magari yetu mengi yana usukani kulia, yametengenezwa kwa barabara kama za Tanzania, kwa hiyo kwa mara ya kwanza niliweza kulipita lori bila kumwuliza mke wangu kama kuna gari mbele. Nikaona nimeshakuwa hodari. Hatari haikuwa pale barabara ikiwa na magari, kwa kuwa unafuata wenzako. Ilikuwa baada ya kusimama. Tulikula ugali na migebuka Manyovu (mukeke wetu, jina tu), nikatoka uwanjani nimeshiba, barabara tupu, mkono ukaenda wenyewe kulia. Kijana wa bodaboda alinipigia kelele ambazo sitaziandika. Tangu hapo binti yangu alipewa kazi: kila tunapowasha gari anasema kwa sauti, "Baba, kushoto." Alisema hivyo siku zote za safari bila kuchoka, na nusu ya mara hizo nilihitaji kuambiwa.

Kwenye vijiji vya Tanzania mwendo ni 50, na askari wenye tochi wapo. Faini ikitokea inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa simu au wakala, wala haiingii mkononi mwa mtu. Vizuizi vya kuangalia vitambulisho navyo vipo njia hiyo, na tulisimamishwa mara kadhaa. Nakiri kwamba mara ya kwanza ofisa aliponiuliza uraia wangu, nilimeza mate kwanza. Mtu aliyekulia Katumba analijua swali hilo kwa namna nyingine. Nikampa pasipoti, akaitazama, akatutakia safari njema.

Kigoma siku ya kupumzika mpwa wangu aliiona kama siku iliyopotea. Asubuhi alikuwa kimya. Lakini ndiyo siku tuliyovunja pesa zilizobaki kwa utulivu baada ya kuuliza watu watatu, tukasajili laini ya simu kwa pasipoti na alama ya kidole, tukabadilisha tairi lililokuwa limeanza kuvimba ubavuni, na mama akalala kuanzia saa nne hadi saa tisa bila kugeuka. Jioni tulimpeleka binti yangu kuona stesheni ya Wajerumani, reli iliyofika hapo mwaka 1914. Mama alikaa kwenye ukingo, akasema hapa ndipo tuliposhukia 2009, na kwamba siku ile hakupata nafasi ya kuitazama hiyo nyumba kwa sababu alikuwa anahesabu mabunda ya mizigo.

Kesho yake tuliondoka alfajiri. Uvinza tulifika bila shida, tukanunua chumvi yake kwa sababu mama alisema haendi kwa mwanawe bila chumvi ya Uvinza. Baada ya hapo lami ikawa inakuja kwa vipande na vumbi kwa vipande virefu zaidi. Mahali fulani msituni, lori lilikuwa limevunjika ekseli sehemu nyembamba karibu na matengenezo ya barabara, na foleni ikalala pande zote mbili. Tulikaa hapo zaidi ya saa nne. Maji tulikuwa nayo, mikate tulikuwa nayo, mbung'o nao walikuwa nao sisi.

Lori lilipoondolewa, jua lilikuwa limeshaanza kushuka, na Mpanda bado iko mbali. Hapo ndipo ulipotokea ugomvi pekee wa safari. Mpwa wangu alisema tuendelee, wenzetu wote wanaendelea. Mke wangu pia alitaka. Kaka anatusubiri, ameshachinja. Na mimi nilitaka, niseme ukweli. Ukishasubiri saa nne unataka kulipiza kisasi kwa barabara. Lakini sikuijua njia, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa vumbi, taa ya kushoto ya Probox inamulika majani badala ya barabara, na tulikuwa na ile siku ya akiba. Tukasimama kijiji kilichofuata. Gesti yake ilikuwa na vyumba vinne, maji ya ndoo na chandarua chenye matundu. Mama alisema amewahi kulala pabaya zaidi katika nchi hii, akavuta shuka.

Tulifika kwa kaka kesho yake saa tano asubuhi, mwanga mweupe, watu wote wako macho. Nimefikiri sana jinsi ambavyo ingekuwa kama tungefika saa sita usiku, mama amechoka hata kumtambua mwanawe. Aliteremka mwenyewe. Kaka sasa ana mvi kuliko mama. Walishikana mikono na hawakusema kitu kwa muda, kisha mama akamwuliza kwa Kirundi kwa nini amekonda.

Alasiri kaka alitupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kutuandikisha kama wageni. Asubuhi iliyofuata ndipo tulipokwenda kaburini. Mpango ulisema saa mbili. Tulikaa hadi mchana, maana majirani wa zamani walikuja mmoja mmoja, kila mmoja na kiti chake, na kila mmoja alitaka mama amhesabie waliokufa na waliozaliwa huko Burundi. Tuliokuwa tumepanga kukaa siku tatu tulikaa nne. Siku hiyo ya nne ilitoka wapi, ilhali akiba ilishaliwa na lori? Ilitoka kwenye siku ya kupumzika ya kurudi, ambayo tulikuwa tumeipangia Ujiji, pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mpwa wangu ndiye aliyesema yeye mwenyewe, bila kuombwa, kwamba Ujiji ifutwe.

Tulirudi Rumonge siku ya kumi, jua halijazama, petroli robo tanki. Gharama kubwa zilikuwa mafuta, vyumba na lile tairi. Barua ya shemeji niliiweka pamoja na kadi zote mbili za njano kwenye bahasha moja, ipo kabatini.

Mwishoni mwa mwaka huo kaka alinipigia simu. Anataka kuja Desemba na mkewe, hawajakanyaga Burundi tangu wazaliwe, na ameshapanga: Rumonge, Makamba, Gitega, Bujumbura na chanzo cha Nile pale Rutovu, kwa siku nne. Nilimpigia picha ile karatasi yetu ya kwanza na ya pili, nikamtumia zote pamoja. Baada ya saa moja akajibu kwamba Bujumbura ameiacha, ila mkewe hataki kuachia Rutovu.